Shajara ya mabango ya Rungwe: hai, imelala au imekufa

14 Septemba 2025

Mbao zimefika Tukuyu, wilayani Rungwe mkoani Mbeya. Ni za mlingoti, zimekauka vizuri, na fundi ameshazipaka dawa ya mchwa. Maandishi yatachongwa ndipo yapakwe rangi. Stika hatutaki hata kuisikia, maana mvua ya huku ikianza haibakizi gundi. Mabango ya kueleza volkano zetu kwa wageni ni matano: njia ya Ngozi kuanzia Mchangani, Isongole chini ya Mlima Rungwe, njia ya Kyejo, Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira, na Ziwa Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba.

Mimi nimepewa maneno. Sharti ni yasomeke kwa mtu aliyesimama, anahema, na begi liko mgongoni.

Kilichotusukuma kuanza mradi huu kila mwongoza wageni wa Rungwe anakijua. Mgeni akifika ukingoni mwa Ngozi, akishamaliza kupiga picha na kubishana na mwenzake kama ziwa kweli lina sura ya bara la Afrika, huuliza swali lilelile: hii volkano ni hai au imekufa? Na kila mmoja wetu ana jibu lake. Yupo anayesema imekufa zamani, yupo anayesema imelala, na yupo mmoja (hatumtaji) ambaye akinusa bakshishi husema inaweza kulipuka hata kesho. Tukiwa na mabango, angalau uongo wetu utafanana. Huo ni utani wa fundi, lakini umebeba ukweli.

20 Septemba

Rasimu ya kwanza niliiandika kama tulivyokaririshwa darasani: volkano hai hulipuka, iliyolala ililipuka zamani na inaweza kuamka, mfu haitalipuka tena. Mwalimu wa jiografia tuliyemwomba aikague aliisoma hadi mwisho, akavua miwani, akauliza: Ol Doinyo Lengai ikikaa kimya miaka kumi, itakuwa imelala?

Swali limenikaa kichwani wiki nzima. Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania, ilichachamaa mwaka 1966 na 1967, ikanyamaza zaidi ya miaka kumi, ikarudi kumwaga lava ndani ya kreta yake miaka ya 1980, kisha ikalipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Katika kimya chote kile hakuna aliyeiondoa kwenye orodha ya volkano hai. Basi kutoa moshi leo hakutoshi kuwa kipimo. Kibo, kwenye kilele cha Kilimanjaro, bado inatoa mvuke na harufu ya salfa, na vitabu vyote vinaiita imelala. Kwa hiyo moshi unadanganya upande huu na upande ule.

Kipimo kinachotumika sana ni cha Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, inayotunza orodha ya volkano za dunia. Volkano ikiwa imelipuka ndani ya miaka 11,700 hivi iliyopita, yaani tangu enzi ya barafu kuisha, inaingia kwenye orodha. Ngozi imo, Rungwe imo, Kyejo imo. Zote tatu tunazoziona tukifungua dirisha asubuhi.

Sasa, mstari huo ni wa kuchora tu ili watu wa utafiti waelewane. Volkano inaweza kukaa miaka 20,000 ikaamka. Tofauti ya kweli iko chini ya miguu: je, bado kuna magma (mwamba ulioyeyuka) au joto la kuitengeneza, na njia ya kupandia bado ipo? Kwetu jibu ni ndiyo, na sababu yake ni Bonde la Ufa. Mbeya ndipo matawi matatu ya bonde hilo yanapokutana: la Rukwa, la Usangu na la Nyasa. Ardhi ikivutwa huku na huku huwa nyembamba, miamba yenye joto kali ya chini hupanda, na inavyopanda mgandamizo juu yake hupungua, ikaanza kuyeyuka hata bila kuongezewa joto. Mvutano huo haujaisha. Unaendelea polepole mno, lakini unaendelea.

Hii aya ni ndefu kwa bango. Nimeiacha hapa kwenye shajara.

3 Oktoba

Tumekwenda Songwe kuangalia kilima cha Panda. Hatukuweka bango huko, ila nilitaka waongozaji wote waone volkano iliyokufa kwa macho yao, maana neno "mfu" tunalitupatupa sana.

Panda ni mabaki ya volkano ya zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Ukitafuta kreta utazunguka mpaka jioni, hakuna. Mvua na upepo vimeshakula mlima wote, na unachokanyaga ni matumbo yake, mwamba wa kabonatiti wenye madini ya niobi. Ndiyo, jamii moja na kabonatiti inayotoka Lengai ikiwa bado maji, lava ya ajabu yenye joto la nyuzi 500 na kitu hivi, nyeusi inapotoka na nyeupe baada ya siku chache. Lengai ndiyo volkano pekee duniani inayotoa lava ya namna hiyo siku hizi. Panda ilimaliza kazi hiyo enzi za dinosaria. Njia yake ya kulishwa ilikatika, mwamba ukapoa hadi chini kabisa, na nyufa zikaziba.

Kijana mmoja wa kundi letu akauliza kama Mlima Mbeya nao ni volkano mfu. Hapana. Mlima Mbeya na Loleza ni miamba mikongwe iliyoinuliwa na nyufa za ardhi, haikuwahi kutapika kitu. Na kwa kuwa tulikuwa upande huo, ikabidi nijibu na la kimondo cha Mbozi: kilitoka angani, ni chuma, na hakihusiani na volkano yoyote. Kila safari lazima atokee mtu wa kuuliza hilo.

19 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya Isongole, na ningeweza kuijaza shajara nzima kwa saa mbili tulizosimama kwenye ukingo mmoja uliokatwa kando ya njia.

Ukingo wenyewe una kimo cha mtu na nusu. Juu kabisa kuna udongo mweusi wa mashamba, umejaa mizizi ya viazi. Chini yake kuna mkanda wa rangi ya krimu, wa vijiwe vyepesi vyenye vitundu, vingine saizi ya punje ya mahindi, vingine kama yai la kuku. Ukivisugua vinakwaruza kiganja. Chini ya mkanda huo udongo wa kahawia unarudi, umekaa vizuri kama shamba la zamani, na ndivyo ulivyokuwa. Kisha mkanda mwingine wa vijiwe, mnene zaidi, unaonifika magotini. Tulikuwa na ndoo ya maji. Nilitupa kiganja kizima cha vijiwe, vikaelea vyote. Mama mmoja aliyekuwa anapita na jembe akasimama akatuangalia, akasema watoto wake huvichezea mtoni kama mitumbwi.

Vijiwe hivyo ni pumisi, povu la magma lililoganda hewani. Magma ya Rungwe ni nzito na inanata, na ndani yake kuna gesi nyingi iliyobanwa. Inapokaribia juu, gesi inafumuka kwa pamoja kama chupa ya soda iliyotikiswa ikafunguliwa, na magma yote inageuka povu na majivu. Ndiyo maana Mlima Rungwe haukujengwa kwa mito ya lava peke yake.

Watafiti wakiongozwa na Karen Fontijn wa Ubelgiji walichimba mashimo kote Rungwe na kupima mikanda hii. Mkubwa kuliko yote ni wa mlipuko wa miaka 4,000 hivi iliyopita, ambao safu yake ya majivu ilipanda zaidi ya kilomita 30 angani. Ndege za abiria hupita kwenye kilomita 10 au 12. Kilichonifurahisha zaidi ni jinsi walivyojua hali ya hewa ya siku ile. Kwa kawaida vijiwe hupeperushwa upande mmoja, upande unakoelekea upepo. Vya Rungwe vilianguka karibu sawasawa pande zote za mlima, na maana yake ni kwamba upepo ulikuwa umetulia, jambo lisilo la kawaida kwa mlipuko mkubwa kiasi hicho. Miaka 4,000 baadaye mtu anakuja na rula kupima mchanga, anakwambia siku ile hakukuwa na upepo.

Mlipuko ule haukuwa wa mwisho. Upo mwingine wa karibu miaka 2,000 iliyopita, na pumisi yake watafiti wameipa jina la Isongole hiihii. Mpaka pale fundi alikuwa kimya. Akanyoosha kidole kwenye ule udongo wa kahawia ulio kati ya mikanda miwili akasema, kwa hiyo hapa watu walishasahau.

Nimeiomba sentensi hiyo iende kwenye bango. Amekubali, ila anataka malipo ya herufi za ziada.

2 Novemba

Kikao cha maneno. Kimechukua mchana wote na hatujamaliza.

Ubishi ni juu ya Kyejo. Mwenye nyumba ya wageni aliyetuchangia rangi anataka tuandike "imekufa". Hoja yake haina ubaya: mgeni akisoma kuwa mlima unaweza kuamka, atalala kwa nani? Mwalimu akamjibu kwa heshima zote kwamba wageni hupanda Lengai usiku kwa tochi na wanalipia, kwa hiyo woga wa wageni tusiukuze. Wakacheka, lakini hoja ikabaki mezani.

Kisha mzee wetu, ambaye nyumbani kwake ni upande huo, akaomba nafasi. Tukampa shikamoo upya kwa sababu alikuwa amekaa kimya muda mrefu. Akasema yeye alisimuliwa na babu yake habari za moto uliotoka kwenye mlima na kushuka, na kwamba pale ulipopita mpaka leo jembe linagonga jiwe. Hakuongeza chumvi, akakaa.

Masimulizi hayo yanajulikana hata kwa wanajiolojia. D. A. Harkin, aliyechunguza volkano za Rungwe wakati wa Tanganyika, miaka ya 1950 aliandika kuhusu lava ya Sarabwe, iliyotoka Kyejo, na orodha ya dunia inaweka mlipuko huo karibu mwaka 1800, upande wa kaskazini-magharibi wa Kyejo. Hiyo ni miaka 200 na ushee. Ngozi, ambayo ndiyo maarufu na ndiyo yenye ziwa, mlipuko wake wa mwisho unaojulikana ni wa karibu mwaka 1450. Kwa hiyo kati ya milima mitatu, ule mfupi usiopigwa picha na mtu ndio uliolala juzi. Kyejo haufiki hata mita 2,200, wakati Rungwe inakaribia 2,960.

Mwenye nyumba ya wageni alisema atafikiri. Tulimpa muda.

9 Novemba

Kyejo. Mvua imeanza, njia inateleza, migomba imelala upande mmoja.

Mzee alitupeleka mahali gesi inapotokea, kwenye kibonde chini ya shamba. Maji yanatokota lakini ukiweka mkono ni ya baridi. Hiyo ni hewa ya ukaa inayopanda kutoka chini kabisa. Pembeni tulikuta nzi na vipepeo wamekufa, na ndege mmoja mdogo, mabawa yamekunjwa vizuri. Niliwasha kiberiti nikakishusha taratibu kwenye fimbo iliyopasuliwa ncha. Usawa wa kiuno kiliwaka. Usawa wa goti moto ulipungua. Karibu na maji kilizimika papo hapo, na moshi wake ukatambaa chini badala ya kupanda.

Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, mara moja na nusu hivi, kwa hiyo hutuama mabondeni, hasa asubuhi kukiwa hakuna upepo. Wenyeji wanalijua hili vizuri. Mtoto hatumwi kufuata mbuzi huko alfajiri. Gesi hiyohiyo kuna kiwanda kinachoikusanya Rungwe na kuiuza, na sehemu yake huishia kwenye vinywaji. Kwa mgeni hiyo ni habari ya kuchekesha. Kwenye bango nimeweka onyo kwanza, soda baadaye: usiingie kibondeni, usiiname, mtoto na mbwa wakae juu.

Mwenye nyumba ya wageni alikuja naye, viatu vya mjini. Aliangalia kile kiberiti kikizimika, akaomba tukiwashe tena. Njiani akasema neno "imekufa" anaweza kuliachia.

25 Novemba

Habari kutoka Ethiopia zimetufanya tuunguze chakula cha jioni. Volkano iitwayo Hayli Gubbi, huko Afar, imelipuka juzi tarehe 23, majivu yamefika kilomita 14 hivi juu, yakavuka Bahari ya Shamu hadi Yemen na Oman, yakaenda mpaka India ambako safari za ndege zimefutwa. Orodha ya Smithsonian haikuwa na mlipuko wake hata mmoja unaojulikana katika miaka yote ile 11,700. Hii ni volkano ambayo kwa ule mstari wangu wa Septemba ungeweza kuipitisha upande wa pili bila mtu kukugombeza. Na haikuwa mara ya kwanza Pembe ya Afrika kufanya hivyo: Nabro ya Eritrea nayo haikuwa na mlipuko ulioandikwa popote mpaka Juni 2011.

Simu imeita mfululizo. Ndugu yangu wa Uyole ameuliza kama ahamishe watoto. Nimemwambia Ethiopia na Mbeya ni bonde moja la ufa lakini kila volkano ina chungu chake. Ya Afar haiwezi kuipigia Rungwe simu.

Hata hivyo nimefuta sentensi moja kwenye rasimu ya Ngozi, ile iliyosema "imelala kwa muda mrefu, hivyo hakuna wasiwasi". Neno "hivyo" lilikuwa linanikera tangu mwanzo. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulikuwa umelala miaka kama 500, watu wanalima mitelemko yake, msitu umefunga. Ukalipuka 15 Juni 1991, mmoja wa milipuko mikubwa zaidi ya karne nzima. Hesabu umri wa usingizi wa Ngozi tangu 1450, uone unavyokaribiana na wa Pinatubo. Hilo halisemi Ngozi itafanya nini. Linasema tu kwamba miaka 500 ni usingizi mfupi kwa volkano.

Ila Pinatubo ilitoa taarifa. Mwezi Aprili ilianza kupiga mvuke, matetemeko madogo yakaongezeka, gesi ya salfa ikazidi, wataalamu wakafunga vifaa vyao, na makumi ya maelfu ya watu wakaondolewa kabla ya siku yenyewe. Hizi ndizo dalili za kuamka: mitetemo midogo mingi mahali pamoja, mlima kuvimba (setilaiti hupima hata sentimita), gesi kubadilika, chemchemi kupanda joto ghafla. Tetemeko moja peke yake halitoshi. Matetemeko ya Karonga, Malawi, ya Desemba 2009, ambayo Kyela waliyasikia vizuri, yalikuwa ya nyufa za bonde, volkano haikuhusika.

7 Desemba

Maneno yamepita. Ngozi imekaa hivi:

"Hapa ni ukingo wa volkano iliyolala. Kilele chake kiliporomoka zamani, kikaacha shimo lenye ziwa la urefu wa kilomita mbili na nusu hivi. Mlipuko wa mwisho unaojulikana: karibu mwaka 1450. Chini bado kuna joto. Ndilo linalotafutwa kwa ajili ya umeme wa jotoardhi. Iliyolala haina tofauti na iliyo hai kwa sura. Tofauti ni muda iliokaa kimya."

Mwalimu alitaka kuongeza mstari wa enzi ya barafu. Nafasi haitoshi. Bango la Isongole lina vijiwe halisi vilivyofungwa kwenye kisanduku cha kioo na mkanda wa udongo wa kahawia katikati, pamoja na sentensi ya fundi. Daraja la Mungu limepata maneno machache kuliko yote: lava iliganda juu, mto ukapekecha chini. Masoko tumeeleza kwamba magma ilikutana na maji ya ardhini, ikapasuka, ikaacha shimo lenye kina cha karibu mita 40. Habari za hazina ya Wajerumani tumeziachia waongozaji, wanazisimulia vizuri kuliko ubao.

Kwenye bango la Kyejo tumeandika "imelala tangu karibu mwaka 1800", na chini yake nani wa kupigiwa mtu akiona kisicho cha kawaida: ofisi ya kijiji kwanza, nayo itapeleka habari wilayani. Kitaifa kazi hiyo ni ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma, lakini hakuna mgeni atakayeipigia Dodoma akiwa juu ya mlima.

14 Desemba

Nguzo nne zimesimama. Saruji ya Mchangani ilichelewa kushika kwa sababu ya ukungu, tukaifunika kwa majani ya migomba. Mbega walikuja kukagua kabla ya mgeni yeyote.

Imebaki Kyejo. Njia imekatika kwa matope mahali pawili na bodaboda amegoma kubeba ubao. Mwenye nyumba ya wageni amejitolea gari yake mvua ikipungua, kwa sharti kwamba jina la nyumba yake liandikwe nyuma ya bango, siyo mbele. Tumekubali. Fundi anachonga.